Kofia ya Baba katika Nyumba ya Waswidi

Wiki iliyopita jirani yangu alifungua kopo la nta nyekundu ya sakafu, akapiga magoti na kuanza kupaka veranda yake. Nilikuwa napita na ndoo. Nikasimama pale nikiwa nimesahau nilikokuwa naelekea. Waliokulia katika nyumba za vigae huenda hawaijui harufu ile, lakini sisi wa rika langu tunaijua hata usingizini. Ni harufu ya Jumamosi, ya magoti yaliyogeuka mekundu, ya mtu mzima anayekukemea usikanyage bado. Kwangu mimi ni pia harufu ya likizo moja niliyoikaa Jinja nikiwa na miaka minane, baba yangu akiwa ametoka kufa.

Nalisema hilo kwa sauti ya kawaida kwa sababu ndivyo nilivyokuwa hata wakati ule. Ukiukalia mguu wako muda mrefu, ukiugusa unaona kama mguu wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Sikulia siku ya kifo, sikulia siku ya mazishi. Wanawake waliojaa nyumbani kwetu Namatala, pale Mbale, walinishika kichwa wakinong'onezana, "Huyu hajalia bado." Mmoja alinifinya mkono, nadhani kwa nia njema, ili machozi yapate mlango. Niliusikia mfinyo. Haukuniuma wala haukunikasirisha.

Baba alikuwa fundi cherehani sokoni. Alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi, na kichwani alivaa kofia nyeupe iliyodariziwa kwa uzi wa kijani. Mama ndiye aliyeishona, kitobo baada ya kitobo, kabla hawajaoana. Kila jioni aliivua, akaikung'uta mara mbili gotini, akaitundika msumarini.

Nieleze kidogo desturi yetu, maana bila hiyo nitakayoyasimulia yataonekana ya kipuuzi. Sisi ni Wanubi, Waislamu wa mjini ambao mababu zao walikuja kama askari kutoka Sudan na hawakurudi. Nyumbani kwetu vitu vya marehemu havikai. Siku ya arobaini, baada ya kisomo na chakula, nguo zake hutandazwa juu ya mkeka na kugawiwa watu. Mjane hagawi. Yeye yuko eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nje ila kwa dharura. Kwa hiyo siku ile Mama alikaa chumbani, na Shangazi Zaitun, dada yake Baba, aliyekuja kutoka Jinja, ndiye aliyekunja na kugawa. Koti lilikwenda kwa amu. Makubazi ya ngozi yalikwenda kwa jirani. Kofia ilikuwa ya Haji Ramadhani, mzee aliyemwosha Baba. Kwetu mwosha hupewa kitu kilichogusa mwili wa marehemu, na Mama alikuwa ameitaja kofia yeye mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona ya mkeka. Jirani aliyavaa makubazi palepale, akashukuru, akaondoka nayo. Nikasikia yakiburuta uani, shwaa, shwaa, mlio uleule ulionijulisha kila siku kwamba Baba amefika. Ila sasa ulikuwa unakwenda. Nikatazama rundo lililobaki. Nikaona wazi kwamba baba yangu alikuwa anatolewa nyumbani kipande kipande, na kwamba ikifika alasiri atakuwa amekwisha. Sikuwa na uchungu. Nilikuwa kama mtu anayehesabu. Shangazi alipogeuka kuchukua shati, nikaichukua kofia, nikaiingiza chini ya gauni, nikaibana kwa lastiki ya kaptula.

Ilipofika zamu ya Haji, kofia haikuonekana. Watu walipekua, wakainua mkeka, wakatazamana. Haji alisema, "Acheni, si neno," akapewa kanzu. Kesho yake Shangazi alinichukua kwenda naye Jinja nikabadili hewa kidogo, maana nilikuwa nimeacha kusema ila ninapoulizwa.

Shangazi aliishi Mafubira na kufanya kazi mjini, katika jumba ambalo watu wote waliliita Nyumba ya Waswidi. Lilijengwa na Mhindi mwenye kinu cha pamba, na jina lake lilikuwa bado limechongwa juu ya mlango kwa maandishi ya kwao. Baada yake likakaliwa na mhandisi kutoka Uswidi na mke wake, wakaishi humo mpaka uzeeni. Walipokufa, jumba lilifanywa makumbusho ya vitu vyao na vya kwao. Ngazi zilikuwa za mawe, nguzo nene kama mapipa, dari ndefu kiasi kwamba ukikohoa kikohozi kinakurudia. Kazi ya Shangazi ilikuwa sakafu. Alipaka nta kwa kitambaa akiwa amepiga magoti, akaiacha inywe, kisha akafunga vipande vya blanketi miguuni na kuteleza chumba kizima, huku na huku, mpaka sakafu ikaonyesha sura yake. Mimi nilifungiwa vipande vidogo, nikateleza nyuma yake.

Vitu vyenyewe havikumhusu. Vilikuwa chini ya Afande Opio, mpishi wa jeshi mstaafu kutoka kambi ya Kimaka, aliyevifuta vumbi na kuwatembeza wageni. Alikuwa na Kiswahili cha kambini na sauti ya kugawia askari chakula.

"Afande," Shangazi alimwambia siku ya kwanza, "huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Hasemi sana."

"Hiyo ni mzuri," akajibu. "Mimi nasema mingi. Tutagawana."

Akanitembeza kama vile nilikuwa balozi. Alinionyesha farasi mwekundu wa mbao asiye na tandiko la kweli, limechorwa tu. Alinionyesha saa ndefu kuliko mtu, yenye kiuno na tumbo kama mama mjamzito. "Ukigusa kitu, mimi nafunga wewe ndani ya hii saa," alisema. "Iko mtoto mwingine ndani, ndiyo hiyo inagonga gonga." Darini kulikuwa na fito, na kwenye fito imetungwa mikate mikavu ya duara yenye tundu katikati.

"Hiyo mkate. Kwao baridi inaua mpaka kuni inalia. Wanapika mara mbili kwa mwaka, wananing'iniza juu. Panya anaangalia tu."

Kulikuwa pia na taji la kuvaliwa kichwani, na juu yake mishumaa iliyosimama. Alinieleza kwamba asubuhi moja ya baridi msichana hulivaa likiwaka, akawapelekea wakubwa kahawa kitandani.

"Nywele haziungui?" nikauliza. Shangazi, aliyekuwa na kitambaa mkononi, akainua kichwa. Nilikuwa sijauliza kitu tangu Mbale.

"Wanaweka kitambaa ya maji chini," alisema Afande. "Wewe una akili. Watu wazima hawaulizi hiyo."

Mwisho akanipeleka chumba cha kulala. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Miwani ilikuwa juu ya kitabu, kitabu kimefunguliwa. Kando ya kitanda vilisimama viatu vya mhandisi, ngozi yake imejikunja pale vidole vinapokunja. Nyuma ya mlango kulikuwa na mti wa kutundikia kofia, na kofia yake ya majani juu yake.

"Wako wapi?" nikauliza.

"Bwana na bibi? Wamekufa. Zamani."

"Na vitu vyao?"

"Si unaona? Kila kitu iko."

"Hakuna aliyepewa?"

"Apewe nani? Hii ni makumbusho. Inakaa hivi hivi."

Ninajua leo makumbusho ni nini. Lakini mtoto hutumia maarifa aliyonayo, na mimi nilikuwa na maarifa ya siku moja tu, ile ya arobaini. Nilielewa hivi: Waswidi ni watu waliogundua jambo. Kama hakuna anayevaa viatu vyako, kama miwani yako inabaki pale ulipoiweka, basi hujamaliza kuondoka. Huyu mhandisi hakuwa amekwisha. Baba yangu alikuwa anazunguka Namatala akiwa koti huku na makubazi kule, na mwenzake alikuwa amekaa hapa mzima, anafutwa vumbi kila asubuhi.

Kwa hiyo nikajua la kufanya. Kila kitu katika jumba kilikuwa na kadi ndogo iliyotaja kitu chenyewe, kwa Kiingereza na kwa Kiswidi. Afande alinisomea ile ya kofia ya majani. Nilikata kipande cha boksi la nta, nikaandika kwa penseli kwa Kiswahili, maana ndicho nilichokuwa nakiweza: KOFIA. USIGUSE. Sikuandika ya nani. Kadi zao hazikuandika, nami nilitaka iwe ya kufanana. Shangazi alipokuwa anateleza katika sebule, nikaingia chumbani, nikaitundika kofia ya Baba kwenye mti ule, chini ya ile ya majani, nikaichomeka kadi. Ukiufungua mlango, mti ulijificha nyuma yake, na Shangazi alipofanya kazi macho yake yalikuwa sakafuni.

Afande aliiona. Nilijua kwa sababu siku iliyofuata ilikuwa imekung'utwa na kuwekwa sawa. Hakuuliza mtu. Mwongoza wageni hapendi kuonekana hajui kilichomo chumbani mwake, hilo nimekuja kulielewa baadaye.

Mama alipiga simu Jumapili. Shangazi aliweka sauti kubwa kwa sababu alikuwa anakanda unga.

"Wifi, ile kofia bado?"

"Wifi, nimekunjua hata mashuka yangu. Haipo."

"Haya. Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Wanasema mfuko wako ulikuwa mzito ulipoondoka."

Shangazi alitoa mikono kwenye unga. "Mfuko wangu ulikuwa na gauni mbili za mtoto wako na dawa yake ya kikohozi."

"Mimi nimesema watu. Sijasema mimi."

"Lakini umenipigia."

"Haji anapita hapa kila Ijumaa," Mama alisema, na sauti yake ilikuwa bapa kama yangu. "Hasemi kitu. Angeuliza ningepumua. Mimi nilimwahidi, Zaitun. Nimekaa humu ndani siwezi hata kutoka kuitafuta."

Simu ilipokatika, Shangazi alianza kuosha sufuria zilizokuwa safi. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuuchambua. Nilifahamu vizuri kabisa kwamba nikisema, kofia itatolewa, na nisiposema, mtu aliyekuwa akinilisha ataitwa mwizi na mama yangu mzazi. Nililiweka hili upande mmoja na lile upande mwingine, na hakuna lililonisukuma. Kama nyumbani kwako kuna mtoto wa namna hiyo, aliyetulia mno, usidhani hafikirii. Anafikiri sana. Ni mikono tu isiyopokea amri.

Katikati ya wiki walikuja wanafunzi, darasa zima na mwalimu wao, madaftari mikononi. Afande alikuwa katika siku yake nzuri. Saa, mikate, taji, watoto wakicheka kila mahali panapostahili. Mimi nilifuata nyuma na vipande vya blanketi miguuni. Walipojaa chumba cha kulala, akaufunga mlango ili wauone mti wa kofia.

"Hii ya majani, ya shamba. Na hii," akashusha sauti, "hii ni ya Ijumaa. Bwana alikuwa rafiki ya kila mtu. Ijumaa anavaa hii, anakwenda kusalimia Waislamu."

"Afande, kwani alikuwa Mwislamu?" aliuliza msichana mmoja.

"Nusu."

Wakacheka. Mwalimu akasema, "Andikeni: kofia ya bwana mhandisi." Penseli zote zikashuka pamoja. Nikasikia mkwaruzo wake.

Sikukasirika. Nilichokiona ni kwamba mambo yalikuwa yanakwenda kinyume. Haikupita hata wiki mbili, na kofia ya Baba ilikuwa imeshakuwa ya mtu mwingine. Nikakumbuka jirani akitoka na makubazi uani kwetu, na mwanamke mmoja aliyekuwa anasugua sufuria akisema, "Hayo si ya Rajabu?" na jirani akijibu, "Ndiyo, ya Rajabu." Kule, kwenye miguu ya mtu, yalikuwa bado yake. Huku, mahali pasipoguswa, jina lake lilikuwa halipo, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi niliyeandika kadi.

"Si yake," nikasema.

Afande akageuka. "Nini?"

"Si ya Mswidi. Ni ya baba yangu. Anaitwa Rajabu. Ni fundi cherehani, soko la Mbale." Nikatafuta kilichobaki kusemwa. "Amekufa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Neno lilitoka dogo na kavu, kama punje.

Watoto walimtazama Afande, na Afande alinitazama mimi, na kofia, na kile kipande cha boksi. Angeweza kucheka. Angeweza kunitoa nje na kuendelea. Alijisimamisha wima.

"Futeni hiyo mstari," alisema.

"Afande?" Mwalimu alishangaa.

"Futeni. Mimi nimekosea. Andikeni mpya: kofia ya Rajabu, fundi ya Mbale." Akangoja mpaka wamalize, akipita kati yao na kuchungulia madaftari. "Wewe, Rajabu ni kwa R. Si L. Sahihisha." Kisha akaja mbele yangu, akaonyesha kadi yangu kwa kidole. "Hapa imeandikwa usiguse. Naomba ruhusa."

Nikampa ruhusa kwa kichwa. Akaitoa kofia kwa mikono miwili, akaniwekea mikononi.

Shangazi alikuwa ameufungua mlango na kusimama pale, magoti mekundu. Alingoja darasa lishuke ngazi. Nilijiandaa kupigwa, na hata hilo halikunitisha.

"Umeniacha niitwe mwizi," alisema. Alilisema mara moja tu, na hakulisema tena maisha yake yote. Akaketi palepale kwenye sakafu yenye nta mbichi, na gauni lake jema. "Ulitaka nini?"

"Nilitaka ikae. Hapa hawagawi."

"Hawa hawakuwa na mtoto," alisema Shangazi. "Hawakuwa na ndugu hapa, hawakuwa na jirani wa kulia nao. Nani angegawa?" Akaipapasa kofia bila kuichukua. "Kesho tunakwenda kwa mama yako. Utaibeba wewe."

Mama alikuwa ameketi chumbani mwake juu ya mkeka, kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa amekonda. Shangazi alinisukuma mbele, akasema, "Sema." Nikasema yote, toka lastiki hadi mti wa kofia. Mama alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliichukua kofia, akaigeuza ndani nje, akaipeleka dirishani, akaupitia ushonaji wake kwa kidole.

"Uzi umelegea hapa," alisema. Akatoa sindano, akakaza vitobo vitatu, akakata uzi kwa meno. Hakulia wala hakunigombeza. Kisha akamgeukia Shangazi. "Wifi, nisamehe."

"Nilishasahau."

Ulikuwa uongo, na wote watatu tulijua, na Mama akaupokea kama mtu anavyopokea glasi ya maji. Akanipa kofia. "Ijumaa utampelekea Haji wewe mwenyewe. Kwa mkono wa kulia. Usiitupe tu na kukimbia. Ngoja mpaka aivae."

Haji Ramadhani alikuwa na kibanda cha kuziba pancha za baiskeli. Nilimkuta ametoka swala, anafungua mlango wa bati. Nikatoa salamu, nikainyoosha kofia. Aliifahamu mara moja. Alifuta mikono kwenye kanzu, ile kanzu ya Baba, akaipokea, akasema "Bismillahi," akaivaa. Haikumtosha. Ilikaa juu kabisa ya kichwa chake kama kifuniko cha chungu kisicho chake.

"Baba yako alikuwa na kichwa kidogo," alisema. "Sijui maneno yote yale aliyaweka wapi."

Sikucheka, ila nilibaki. Nilikuwa nimeagizwa kungoja mpaka aivae, na alikuwa ameshaivaa. Ningeweza kurudi nyumbani. Haji alichukua tairi, akaligeuza, akaliweka chini.

"Una neno?"

"Maji yalikuwa baridi?"

"Maji gani, mwanangu?"

"Ya kumwoshea Baba."

Unajua, Baba hakuoga maji baridi hata jua likiwa kali la kupasua mawe. Mama alimcheka kwa hilo maisha yao yote. Na tangu asubuhi ile walipofunga mlango wa chumba na kupitisha ndoo, hilo ndilo nililokuwa nalo ndani, hilo tu, na sikujua kama mtoto anaruhusiwa kuliuliza.

Haji alinitazama kwanza, kuona kama nataka kweli.

"Yalikuwa ya uvuguvugu," alisema. "Mama yako aliyapasha mwenyewe. Alitia mkono wake katika kila ndoo kabla ya kutupatia. Moja aliirudisha jikoni. Alisema, ngojeni, huyu ni mtu wa maji moto."

"Ndoo ngapi?"

"Tatu."

"Na sabuni?"

Alinisogezea kigoda kwa mguu. Nikakaa, nikamuuliza yote yaliyobaki, na yeye akaziba pancha na kunijibu.